Msiba wa Bundala na Ukuta wa Wapagazi

Jumatatu, 14 Julai

Upepo, vumbi mpaka ndani ya chai. Lakini siku njema! Ofisi ya mtaa hapa Isevya wamebandika tangazo. Kamati inataka kumbukumbu ya wapagazi, wale wazee wetu waliobeba pembe za ndovu na vitambaa kwa kichwa na bega, Tabora mpaka pwani na kurudi. Kiwanja ni pale njia panda, penye bomba la maji. Michoro ipelekwe Jumamosi. Atakayeshinda ndiye atakayejenga.

Nimesoma mara tatu. Mara ya tatu kwa sauti.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. (Dafrosa, mke wangu, kama unasoma, acha.) Miaka ishirini na sita natengeneza makaburi. Misalaba, malaika, vyungu vya maua vya zege. Kazi safi! Kaburi langu halipasuki. Lakini watu! Nikienda mtaa wa Chemchem kumjulia mtu hali, ndugu zake wananizuia mlangoni, wanasema amelala. Wiki iliyopita mzee mmoja aliniona namtazama, akaniuliza kwa ukali napima nini. Nilikuwa nampisha tu! Nataka kabla sijafa nijenge kitu kimoja cha walio hai. Kimoja. Watu wapumzike hapo, wale karanga, wakiulizana waseme hiki kajenga Kasimiri.

Jumatano, 16 Julai

Nimepeleleza. Mpinzani ni mmoja tu, Eustace. Amesomea usanifu Dar, amerudi, anawachorea watu nyumba kwa kompyuta. Ana adabu sana. Sipendi watu wenye adabu sana, hawakupi sababu ya kugombana nao.

Nimemkuta penye bomba ameketi juu ya ndoo. Yuko hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nikamuuliza anachora nini. Akasema leo hachori, anatazama watu wanavyotua mizigo. Eti mwenye beseni zito kichwani hawezi kulitua peke yake, lazima apate mtu wa kumsaidia, na asubuhi hiyo amewaona wanawake wanne wakisimama na mizigo yao wakisubiri huyo mtu. Nikatikisa kichwa kwa uzito. Moyoni nikasema, hiyo ndiyo elimu ya Dar! Kukaa juu ya ndoo!

Kisha akanionyesha mchoro wake mwenyewe, bila kuombwa. Ukuta. Ukuta mrefu uliopinda, wenye rafu ya usawa wa bega na nyingine ya usawa wa kiuno, mtu aegemee tu, mzigo uteleze, autue mwenyewe. Njia ya changarawe, nyembamba, ya kupita mmoja mmoja, maana misafara ilikwenda hivyo. Uzio wa minyaa. Miti mitatu ya kivuli. Basi! Nikamuuliza mpagazi mwenyewe yuko wapi. Akasema mpagazi ni yeyote atakayekuja na mzigo.

Nimecheka njia nzima. Kaunta! Amechora kaunta, duka hakuna. Nimeshashinda.

Ijumaa, 18 Julai

Yeye ataleta karatasi, mimi nitaleta zege. Natengeneza mfano mdogo. Mpagazi na pembe yake ya ndovu, juu ya ngazi saba. Simba wanne pembeni. Bomba la kurusha maji juu. Mnyororo kuzunguka, watu wasisogee. Dafrosa akauliza simba wa nini. Heshima! Akauliza maji ya kurusha juu yatatoka wapi, na ya kunywa yenyewe yana siku zake. Nimemwambia asinivunje moyo.

Tatizo ni kalibu. Za kumwagia zege ninazo tatu tu: ya msalaba, ya malaika na ya chungu. Mpagazi nimemtoa kwenye malaika. Mabawa nimeyakata kwa msumeno, vimebaki vinundu viwili mgongoni. Nimeamua ni misuli. Mikono ndiyo imegoma. Malaika amekunja mikono yake anasali, haifunguki. Basi mpagazi wangu anasali, na pembe imelazwa juu ya utosi. Simba wameshindikana kabisa. Nimeweka vyungu vinne.

Nimeupaka chokaa. Umependeza! Jirani amekuja kuazima beleshi, ameuona, amevua kofia. Akauliza kwa sauti ya chini nani ametutoka. Huo ndio uzito wa kazi ya sanaa.

Jumamosi, 19 Julai

Kamati. Mwenyekiti ni Mwalimu Apolinaria, mstaafu. Alinifundisha darasa la nne na mpaka leo ananitazama kwa jicho la kusahihisha. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku macho ameyakaza kwenye toroli langu, na mfano ndani umefunikwa shuka.

Eustace akaeleza ukuta wake. Polepole, hakuringa. Nikawaona akina mama wawili wa kamati wakijishika shingo zao wakati anaeleza. Dalili mbaya.

Zamu yangu. Nikavuta shuka. Mjumbe mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akauliza marehemu anaingilia upande upi. Mwalimu Apolinaria akauliza watu watakaa wapi. Nikasema hawakai, wanasimama wanaheshimu. Akauliza mwenye baiskeli ya mkaa atapita wapi. Nikasema hapiti, kuna mnyororo. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kifupi. Nadhani ni neno moja.

Nikaona naachwa. Na hapo mdomo wangu ukaanza kazi bila kuniuliza. Nikasema mimi si fundi tu, mimi ni mzao! Baba wa babu yangu, Bundala, alikuwa mpagazi. Safari kumi na moja Bagamoyo, kwenda na kurudi. Ya kumi na mbili akafia Ugogo, kwa kiu, mzigo begani. Hakuzikwa. Hakuliliwa. Matanga yake hayakuwekwa mpaka leo! Na kama haki ipo, nikasema, wazao wa wapagazi ndio waamue kumbukumbu ya wazee wao iweje!

Machozi yakanitoka. Ya kweli kabisa! Nilimwonea Bundala huruma sana, ingawa nilikuwa nimemfahamu kwa dakika mbili tu. (Baba wa babu yangu alikuwa mrina asali wa Sikonge. Alifia kitandani, ameshiba.)

Kamati imekubali. Wazao ndio wataamua, Jumamosi ijayo. Na mzao aliyejitokeza ni mmoja, mimi! Eustace akanipa mkono, macho mekundu, akaniambia pole sana kaka.

Jumapili, 20 Julai

Misa ya kwanza. Katika matangazo, kiongozi wa jumuiya yetu akaomba tumkumbuke marehemu Bundala, aliyelala njiani bila kaburi. Kanisa zima likageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa, nadhani vizuri. Nje watu wakanishika mkono kwa mikono miwili. Miaka ishirini na sita hawajawahi!

Tukarudi nyumbani. Dafrosa, akiwa anavua viatu, akauliza Bundala ni nani. Nikamwambia ni mambo ya ukoo.

Jumatatu, 21 Julai

Balaa! Saa moja asubuhi, mswaki bado mdomoni, jumuiya nzima imeingia uani. Mikeka, masufuria, kuni, maharage, gunia la michembe ya viazi vitamu. Wamekuja kumwekea Bundala matanga. Wamesema haiwezekani mtu wetu akae miaka yote hiyo bila kuliliwa, na kitukuu chake yupo hapa Isevya, tena mtu wa makaburi. Wamesema ni aibu ya mtaa mzima. Turubai langu la kufunikia saruji wamelifunga juu kuwa kivuli. Wanaume wamekalia misalaba ambayo haijakauka! Wanawake wamemtoa Dafrosa jikoni, wamemwambia mfiwa hapiki.

Ningesema nini? Watu wameshaketi, sufuria liko motoni, niseme marehemu hajawahi kuzaliwa?

Siku tatu. Kazi hairuhusiwi. Eustace amekuja na shoka lake mwenyewe, amepasua kuni mpaka mchana. Adabu!

Jumanne, 22 Julai

Wamekuja watani.

Sikuwafikiria! Mimi, Mnyamwezi mzima, miaka hamsini na moja! Wapi umeona msiba wa Mnyamwezi, Mzigua asitokee? Tangu enzi za misafara tunataniana, na msibani mtani anafanya analotaka. Ukikasirika, aibu ni yako.

Mkubwa wao hapa mjini ni Zuwena, muuza dagaa. Dagaa wanakuja na treni kutoka Kigoma, naye huwabeba kwa beseni kila asubuhi kutoka stesheni. Amekuja na Wazigua wenzake kumi. Amevaa koti langu la kanisani. Sijui alilipataje. (Dafrosa!) Akalala chali katikati ya ua, pale ambapo maiti angewekwa, akasema hainuki mpaka aletewe marehemu amwone. Kisha akanilia mimi, kwa sauti yangu, na kamasi zangu: "Bundala babaaa! Umeniacha na malaika asiye na mabawa!"

Watu wameanguka kwa kicheko. Msibani kwangu! Mwiko wangu wa kujengea ameuchomeka kiunoni, amesema ni urithi. Nikatabasamu. Meno yaliniuma kwa kutabasamu.

Halafu akaketi, akafuta uso, akasema ana jambo zito. "Mtumwa wangu Kasimiri," akasema, "nani alikudanganya? Bundala hakufia Ugogo. Alipotea njia, maana ni Mnyamwezi, akatokea kwetu Handeni. Akala kuku wote wa bibi yetu, na alipomaliza kuku akamwoa." Watoto saba! Yeye Zuwena ni kitukuu cha Bundala, na hao kumi nyuma yake ni vitukuu vile vile. Akanikumbatia kwa nguvu. Ndugu yake wa damu!

Vigelegele. Wazee wameshika vichwa, wamesema Mungu ni mkubwa, ukoo umekutana.

Nimewaza jioni nzima. Nikimkana Zuwena, nitaulizwa najuaje. Najuaje? Kuonyesha kwamba uongo wake ni uongo, lazima kwanza nitoe wangu. Naye analijua hilo. Alinikonyeza akiwa bado amenikumbatia!

Alhamisi, 24 Julai

Matanga yameanuliwa. Maharage yamekwisha, misalaba miwili imevunjika.

Wazao wa Bundala sasa ni kumi na watatu. Mimi, Zuwena na kumi wake, na Dafrosa, ambaye Mwalimu Apolinaria amekubali ahesabiwe kwa ndoa. Ombi hilo nimelipeleka mimi mwenyewe, nipate kura moja ya uhakika.

Nikaenda kwa Zuwena kumlainisha. Nikamkuta anachambua dagaa. Nikamwambia sanamu itakuwa na sura ya babu yetu. Akauliza sura hiyo nitaitoa kwa nani. Nikamwahidi ngazi ya kukalia, ya saba, yake peke yake.

Hapo akaacha utani. Ghafla tu. Akasema kila asubuhi anatoka stesheni na lile beseni, akifika penye bomba shingo inawaka moto, na pale anasimama kusubiri mtu wa kumtua. Siku nyingine hakuna mtu. Siku nyingine mtu yupo, anajifanya hamwoni. Mara mbili, akasema, mtu huyo ulikuwa wewe.

Ni kweli, nilimwona. Nilikuwa na haraka, au nilidhani ninayo. Nimeona haya, na ninapoandika hapa bado naona haya.

Nimetafakari sana njiani. Nadhani nikiongeza simba wawili sanamu itakubalika.

Jumamosi, 26 Julai

Kura kumi na mbili kwa moja!

Dafrosa amenyoosha mkono kwa ukuta. Tena wa kwanza! Nikamtazama, akanitazama. Akasema, kamati yote ikisikia, kwamba na yeye anateka maji pale, kwa kichwa hicho hicho, na sijawahi kumuuliza anayatuaje. Mwalimu Apolinaria akaushukuru ukoo wa Bundala kwa umoja wake. Nilitafuta kama kuna kejeli usoni mwake. Mwalimu yule hana kejeli, au anayo nyingi mno.

Nilikuwa nimeshashika toroli niondoke. Eustace akaomba neno moja. Akasema ukuta huu ni wa zege, utapigwa na mizigo kila siku ya Mungu, na hapa Isevya zege lisilopasuka analimwaga mtu mmoja tu. Anaomba kamati impe kazi Kasimiri. Makofi! Nikajifanya nafikiria. Nilifikiria sekunde mbili.

Zuwena amenirudishia mwiko. Ameuosha.

Jumatano, 13 Agosti

Ukuta unapanda. Mbao zimesimama, nondo zimefungwa, mgongo wangu umekufa. Eustace anasumbua! Rafu ya bega hataki ipimwe kwa futi, anataka ipimwe kwa watu. Basi tumewaita wenye mizigo wenyewe, wanawake thelathini, wazee kwa vijana, wamesimama mmoja mmoja ubaoni, natia alama ya chaki begani.

Nilijua itakuwaje. Wa kwanza tu, mama mmoja wa maji, akaona futi yangu, akauliza kama namtafutia jeneza. Nikasema hapana mama, natafuta mahali pa kuweka ndoo yako. Akanitazama kidogo. Akasogea, akasimama wima, akanipa bega lake. Na wengine wakapanga mstari nyuma yake. Watu thelathini wamesimama mbele yangu kupimwa na hakuna aliyeogopa. Nimefurahi kupita kiasi, mpaka alama ya nane nimeikosea.

Lakini jina! Mchoro hauna mahali pa jina la mtu! Nikamuuliza Eustace litakaa wapi, angalau lake kama si langu. Akasema wapagazi wenyewe hakuna aliyewaandika, sisi tujiandike kwa lipi. Nikasema naam, kweli kabisa.

Nina mpango.

Jumamosi, 23 Agosti

Mpango ulikuwa mzuri. Eustace yuko Urambo, amefuata miche ya minyaa. Asubuhi nikalainisha kipande cha mwisho cha rafu ya bega, vingine vimeshakauka. Nikachukua msumari. Nikaandika kwenye zege bichi, herufi za shubiri nzima: KASIMIRI. Zikakaa vizuri mno! Nikaenda kunywa chai zikauke bila kutazamwa.

Narudi, Zuwena ametua beseni. Katikati ya jina! Beseni limejaa dagaa, yeye ameketi chini anajipunga kwa kanga, miguu ameinyoosha. Akasema ukuta ni mtamu, shingo haijui hata kama ilibeba, mzigo umetua wenyewe wala hajamwita mtu. Akasema hajawahi kufika pale akaketi. Miaka kumi na tisa, hajawahi.

Tukaliondoa beseni. Chini yake duara safi, kubwa, na ukingo wake. Upande huu imebaki K, upande ule I. Nilitaka kupiga kelele. Mtani! Nikatabasamu, meno yale yale.

Eustace akarudi alasiri. Nikawahi kusema ni ajali, nitaziba sasa hivi. Akainama, akalitazama duara muda mrefu. Akasema tuliache, huo ni mzigo wa kwanza. Kisha akaomba kwa adabu, nikipata nafasi, niizibe K na I.

Nikaziba. Jioni nikasimama upande wa pili wa barabara kutazama. Mama mwenye mihogo akatua. Mwenye ndoo akatua. Mwenye mkaa akaegemeza baiskeli yake. Wanaketi, wanashusha pumzi, wanaanza kusemana. Mpita njia mmoja, mgeni, akaniuliza hiki kajenga nani. Nikasema mimi. Akasema hongera fundi, akaenda zake. Nililia. Nilisema ni vumbi, lakini nililia.

Jumatatu, 25 Agosti

Habari kubwa! Dereva wa lori kutoka Igunga amesema huko wanatafuta mtu wa kuwajengea kumbukumbu ya waswaga ng'ombe, wale wa zamani walioswaga makundi kwa miguu siku nyingi mpaka kwenye reli. Itakuwa na jina la fundi, herufi kubwa! Nimeandika barua leo leo.

Nimejitambulisha kuwa kitukuu cha mswaga ng'ombe mashuhuri, aliyepotea nyikani na kundi lake lote. Lakini safari hii sitegeki. Nimekaa nikapitia makosa yangu moja baada ya jingine, na nimeligundua. Kosa lilikuwa kumwacha Bundala huru, akaweza kuoa na kuzaa ovyo njiani. Huyu mpya nimemfunga. Hakuoa. Hakuwa hata na mchumba. Nimeandika wazi, aya ya pili, nikaipigia mstari, kwamba baba huyu wa babu yangu alikufa bila kuacha mtoto hata mmoja duniani. Zuwena atapitia wapi?

Nimemsomea Dafrosa barua kabla sijaifunga. Amecheka mpaka amekaa sakafuni. Nimemuuliza mara mbili kinachomchekesha, hasemi. Barua imeondoka na basi la saa nne.